Kitambaa cha Mushagalusha

Nakumbuka siku moja ya mvua hapa Bukavu, mwanangu, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi ya mapadri, na kiwanda cha sabuni kikaniweka niwe shefu wa mashine. Mafundi wote walikuwa chini yangu, wengine wa umri wa baba yangu. Niliogopa kila kitu. Hata chai niliifikiria kabla ya kuinywa.

Kwetu, fundi akiingia ndani ya tangi la kupikia sabuni kulisugua, alifunga kitambaa chake kwenye valvu inayoingiza mvuke humo. Mpaka akifungue mwenyewe, hakuna wa kuigusa.

Siku hiyo zamu ya kusugua ilikuwa ya fundi Mushagalusha. Mkurugenzi alikuwa njiani kurudi kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, na mafuta ya mawese yalianza kuganda mapipani, maana mvuke wa valvu ile ile ndio uliokuwa ukiyapasha moto. Kapita wa sabuni, msimamizi wa wapishi wake, akaja mbio.

"Shefu, fungula mvuke! Bwana mukubwa akikuta mafuta imeganda, mimi na wewe kazi imekwisha."

"Kitambaa ya Mushagalusha ingali hapa."

"Ule? Nimemuona kwa chai. Amesahau tu. Wewe ni shefu ao hapana?"

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya valvu. Nikichelewa, nitafukuzwa. Nikikosea, mtu ataiva kama kiazi. Mawazo yakazunguka, hayakupata pa kutua. Mwishowe nikachukua spana, nikaenda kugonga tangi.

"Nani anagonga nyumba yangu?" Mushagalusha akajibu kutoka ndani. "Chai nilishakunywa, nimerudia kazi!"

Nikaketi sakafuni, nikacheka huku machozi yakinitoka. Kapita alivua kofia. Papa Cirhuza, fundi wetu mkongwe, akaniinua.

"Mutoto wangu, kila siku unaogopa na kichwa. Leo umeogopa na miguu, ukaenda kuuliza. Uogope vile vile kila siku."

Sabuni ilichelewa. Mkurugenzi alifoka hadi jioni, nami nikamsikiliza kwa furaha, maana dirishani nilimwona Mushagalusha akinawa na kupiga mluzi.

Basi mwanangu, wewe unayekabidhiwa watu na mashine, woga si aibu. Usiufungie kichwani tu. Nyanyuka, ukagonge, umuulize mwenye kitambaa. Ukishajua, amua, halafu ulale usingizi wako.

Mungu akujalie mafundi wako wote warudi kwao jioni, nawe ukute chakula chako kingali moto.