Maji Moto ya Kuficha

Wewe nakuambia kwa sababu ukinicheka unanicheka usoni, hupeleki kwa kikundi ya maombi.

Mimi ni keateka, yule wa kutunza ploti, wa flati moja hapa Ngoingwa, nyumba kumi na mbili. Chini kuna duka ya maziwa iko na chumba kubwa ya baridi. Ili maziwa ikae baridi, hiyo chumba ilikuwa inatapika joto kwa koridoo, ukipita hapo unakumbuka mahubiri ya jehanamu. Juu nako kila mtu ana shawa ya stima, na tokeni ikiisha wanawasha makaa. Yaani chini tunatupa joto, juu tunanunua joto, na moshi tunamwachia Mungu.

Wakati huo nilikuwa nasoma kozi ya friji Ruiru, masomo ya jioni, mimi mkubwa kuliko mwalimu. Nikamwambia mwenye ploti, tuweke mashini ichukue joto ya maziwa iweke kwa maji, sola ya paa isaidie. Yeye ni mzee wa kanisa letu, mtu wa kushuku hata mkate wa meza ya Bwana. Nilimsumbua mwaka mzima. Akaweka. Tenki kubwa ikavalishwa koti yake ya kushika joto, maji ikawa moto usiku kucha.

Wiki ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, maji ikawa baridi. Ya pili, baridi. Watu wanaoga wakinitaja, na si kwa maombi.

Ijumaa mzee akaja. "Mama, Jumatatu fundi anatoa hii kitu. Tunarudi kwa shawa za stima. Na hiyo kazi yako nitatafutia mtu hajasoma."

Nilipima kila paipu. Mashini iko sawa, sola iko sawa. Nikafunga na kuomba, lakini saa saba nikakula chapati, kwa sababu Mungu mwenyewe anajua ngazi ya tenki ni ndefu.

Jumamosi nilienda kuomba msamaha kwa mama wa gorofa ya tatu, anafanya kazi kiwandani, kwao ni Kakamega. Nikajigonga kwa mtungi. Nikaangalia. Mitungi sita imepangwa ukutani kama kwaya.

"Dada, hii ni maji gani?"

"Ya moto."

Nikaweka mkono. "Hii ni baridi."

"Ilikuwa ya moto saa kumi na moja."

"Na unaweka ya nini?"

"Ikiisha je? Si ni wewe hutuambia tujaze mapema?"

Ni mimi. Hapa maji ya mfereji inakuja siku mbili kwa wiki, na ikilia tu kwa paipu, kila mtu anaruka na ndoo. Sasa wamesikia kuna maji moto, wakairukia vilevile. Alfajiri wanamaliza tenki kwa mitungi, tenki inajaa maji baridi, na ile moto inapoa kwa koridoo za watu. Anayeamka saa kumi na mbili anakuta barafu.

Nikashuka kwangu nikiwa na hasira takatifu. Chini ya kitanda nikakuta mitungi miwili na beseni. Nilijaza mimi, asubuhi hiyohiyo, nikiimba pambio.

Jumapili baada ya ibada niliwaita wapangaji wote uani, nikawaeleza, nikamwaga mitungi yangu mbele yao.

"Kwa hivyo keateka ndiye mwizi wa joto," mama wa Kakamega akasema.

"Mmoja wao. Mwingine ana mitungi sita."

"Si ulisoma hii maneno?"

"Nilisoma jioni, dada, nikiwa na usingizi. Kesho mtu aoge tu. Asijaze kitu. Tukikosa, mnifukuze kabla ya mzee."

Jumatatu mzee alifika na fundi wake saa moja kasorobo. Sikujitetea. Nilimpa taulo nikampeleka aoge nyumba ya mwisho juu kabisa, yenye huoga mwisho. Fundi akakaa kwa ngazi na spana zake. Tukangoja. Tukaendelea kungoja. Mzee alianza kuimba huko ndani, sauti ya tatu, na hajawahi kuimba hata Krismasi.

Alitoka amesahau soksi.

"Mama," akasema, "wapangaji wamekuwa wakinidanganya?"

"Hapana, Mzee. Tulikuwa tunaficha." Nikamweleza yote, pamoja na beseni.

Akamgeukia fundi. "Umeshakuja na spana. Anza hapa, toa hizi shawa za stima zote."

Kama uko na mtu Githurai 45 ama Kahawa Sukari ameweka mashini kama yetu na analia maji ni baridi, msomee hii kabla hajaita fundi. Mwambie agonge milango ya wapangaji, ahesabu mitungi. Na aanze na keateka.