Injini Ambayo Haijafunguliwa

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "hii injini haijafunguliwa", damu inanichemka.

Gari langu la mbio, lenye injini ya turbo, lilikuwa limeanza kula oili. Fundi wangu wa Iringa, Mhehe mwenzangu, alinishauri tuifungue injini yangu mwenyewe, tubadilishe ringi na beringi. Nikamkatalia. Huku kwetu injini ikishafunguliwa tunaihesabu marehemu, na mimi marehemu simtaki.

Nikaenda Mbeya, Mwanjelwa, kwa muuza injini za mtumba. Jamaa akaapa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Kaka, hii imetoka Japani juzi tu. Haijaguswa hata na spana!" Nikaamini, mjinga mimi, nikainunua na kuifungisha kwenye gari hukohuko. Nilirudi Iringa vioo vyote nimeshusha ili watu wasikie inavyonguruma.

Wiki ya pili ikaanza kugonga. Nilipofika Ilula ikazima kabisa, moshi umetanda, wauza nyanya wakaacha matenga yao kuja kunishangaa.

Gari likavutwa mpaka kwa fundi yuleyule niliyemkataa. Akaifungua injini bila kuniuliza neno. Akachomoa pistoni, akaifuta kwa kitambaa, akanikabidhi. Juu yake mtu alikuwa amekwaruza kwa msumari, ili asikosee wakati wa kuirudishia: MBELE.

Nilitukana kwa Kihehe, kilipoisha nikahamia Kiswahili. Fundi alingoja nimalize.

"Mnyalukolo, ndugu yangu," akasema, "kumbe Mjapani wako anajua Kiswahili."