Pa Kutembea kwa Mama

Watu wa Katoro hatutembei, tunapanda. Mtu akiishiwa chumvi anaita bodaboda impeleke duka la jirani, na bodaboda wenyewe wamejaa hadi ukisimama kando ya barabara kujikuna, mmoja anakuuliza unakwenda wapi. Nilikuwa nimeshazoea, mpaka nilipomtoa mama kijijini kwetu Shinyanga nikamleta kuishi nami.

Nilimleta apumzike. Kwetu Usukumani, mzazi akihamia kwa mtoto wake mjini, watu wanataka wamwone ameketi kitini, amenawiri. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama si mgeni, na jembe lake nililiacha kule kule. Maji yapo uani, kuni hatuokoti. Mwanamke aliyelima pamba maisha yake yote akakaa, akanenepa, na majirani wakanisifu kwa kumtunza. Kisha kiu ikawa haimwishi, nikampeleka zahanati, wakamkuta na kisukari.

"Vidonge peke yake havitoshi," muuguzi alituambia. "Mama lazima atembee kila siku. Na miguu yake muiangalie, maana ganzi ikishaingia hatasikia hata akichomwa."

Mwanzoni tulikuwa na bahati. Nyuma ya zahanati kulikuwa na uwanja wa nyasi, na mhudumu wa afya wa kata, binti mwenye sauti inayosikika hadi sokoni, alikuwa akiwakusanya kina mama na wazee kila asubuhi. Walizunguka uwanja, wakanyoosha mikono, wakaimba nyimbo za kulimia za Kisukuma ili miguu ifuate. Mama alikataa katakata kuvaa suruali ya mazoezi. Alifunga khanga mbili juu ya sketi, akaenda hivyo hivyo, na alirudi na jasho pamoja na umbea mpya wa mtaa. Sukari ikashuka. Nilifurahi sana siku zile.

Asubuhi moja wakakuta nguzo zimechimbiwa uwanjani. Vilikuwa vinajengwa vibanda vya biashara. Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu nikiwa nimefura. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "uwanja ule haukuwahi kupimwa kuwa wa mazoezi. Ulikuwa wazi tu. Watu wanatafuta riziki. Na wewe si unauza vitenge pale barabarani?"

Ni kweli nauza. Kibanda changu kimekaa pale pale ambapo mtu angepita kwa miguu. Nilimshukuru nikaondoka, na hasira yangu sikujua niipeleke wapi.

Kikundi kikasambaratika. Mama akajaribu kutembea barabarani peke yake, lakini kila alipotoka alirudi juu ya pikipiki, amekaa upande, bila kulipa chochote. Vijana wa kijiwe walimjua, na hawakuweza kuvumilia kumwona mzazi wa mtu akienda kwa miguu. Nikawafuata, nikawaambia wamwache, kutembea ndiyo dawa yake.

"Dada, tumpite bibi hivi hivi?" mmoja aliniuliza. "Watu watasema hatukulelewa."

Nilieleza, wakaitikia kwa adabu zote, na kesho yake wakamleta tena. Mama naye hakuweza kuwakataa. Mtu anakuamkia shikamoo, anakufutia kiti kwa mkono wake, utamjibu nini? Akajaribu kuzunguka uani, majirani wakaja kuniuliza kama kuna jambo limemuudhi. Akaacha, akarudi kitini.

Sukari ikapanda. Tuliporudi zahanati, muuguzi alimuuliza kama anatembea.

"Natembea sana," mama akajibu haraka, kisha akaniangalia. Alikuwa ananikinga nisigombezwe, kama vile mimi ndiye mtoto wa kuogopewa viboko.

Nikasema hapana, hatembei, hana pa kutembea. Muuguzi alishusha pumzi. "Basi tafuteni," alisema. Nilitaka kumuuliza tutafute wapi, lakini foleni ilikuwa ndefu na si yeye aliyegawa viwanja vya mji huu.

Nikaamua siku hiyo hiyo turudi nyumbani kwa miguu, mimi nimemshika mkono, na bodaboda akisimama nimjibu mimi. Tulipita ukingoni mwa lami, juu ya mawe, vipande vya chupa na mabaki ya mbao za vibanda, tukiingia mtaroni kila lori lilipopiga honi. Vijana walisimama mmoja baada ya mwingine, nikawafukuza wote. Mama alicheka njia nzima. Alinisimulia alivyokuwa akienda mnadani kwa miguu akiwa msichana na kurudi jua halijazama. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu uwanja uchukuliwe, na nikajiambia kwamba hatimaye nimepata njia.

Tulipofika nilimletea maji anawe miguu. Kandambili ya kulia ilikuwa imelowa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukaingia kisiginoni, na bado ulikuwa humo.

"Mama, huumwi?"

"Naumwa wapi?"

Nilipiga magoti nikaushika ule mguu. Hakuona. Alikuwa anatazama barabarani, uso wake umechangamka.

"Wabeja, mwanangu," alinishukuru. "Kesho tutoke mapema, kabla jua halijawa kali."