Egemeo la Pikipiki ya Mjomba

Bado nina hasira na lile egemeo. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nimerudi Garissa na digrii yangu ya hesabu, nikikaa kwa mama na kusubiri barua ya kazi ambayo haikuja. Jumatatu moja wanawake wanaoleta maziwa ya ngamia sokoni walituletea salamu kutoka kwa dada yake mama. Familia yake ilikuwa imepiga kambi vichakani, kando ya barabara ya Wajir. Mvua ilikuwa imeanza kaskazini, na Alhamisi wangehama kuifuata. Mama na dada yake walikuwa hawajaonana kwa miaka saba.

"Nitakwenda," mama alisema.

Tatizo lilikuwa mgongo wake. Tangu aanguke kutoka juu ya lori la maziwa, hakuweza kukaa bila kuegemea kitu, na lori lile ndilo gari pekee lililofika huko. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na pikipiki kubwa ya safari ndefu aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyemaliza kazi Wajir: tangi pana, kiti kirefu, masanduku mawili ya bati ubavuni. Egemeo haikuwa nalo.

"Abti, peleka kwa fundi, wekesha egemeo, umpeleke mama yako," aliniambia, kwa neno ambalo kwetu mjomba na mpwa huitana. "Ni kazi ya saa moja. Usiifanye mtihani."

Nikaifanya mtihani. Jumanne nzima nilichora. Nilimpima mama mgongo kwa uzi, ameketi kwenye mkeka akichambua mchele.

"Wanipima sanda?" aliuliza.

Nilitafuta mwinamo unaofaa, kisha nikaanza kuwaza. Bolti ikilegea je? Chuma kikikatika tukiingia shimoni je? Nikachora upya mara nne, jua likazama.

Jumatano nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Mwingi mwenye kibanda karibu na soko la mifugo. Aliigeuza karatasi yangu huku na huku.

"Msomi, hili ni egemeo ama ni daraja la Tana?" Akacheka peke yake, kisha akauliza, "Na mama hukaa vipi kwa pikipiki?"

"Kama abiria yeyote," nilimjibu kwa ukali. "Wewe fuata mchoro."

Akaufuata. Bomba la chuma, sponji nene, ngozi ya bandia nyeusi. Akatoboa mashimo manne nyuma ya kiti pale pale nilipoweka alama. Wanaume wawili walilivuta lile egemeo na halikutikisika.

Alasiri nililifikisha nyumbani. Mama alitoka akishika ukuta, akalitazama kwa muda.

"Panda, hooyo, tujaribu," nilimwambia mama.

"Nipande vipi?"

"Hivi." Nikamwonyesha: mguu mmoja huku, mwingine kule.

Mjomba alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kikoi. "Abti! Miaka yote hiyo chuo kikuu! Umewahi kumwona mama yako amekaa hivyo, hata juu ya punda?"

Sikuwahi. Kwetu wanawake hukaa upande, miguu yote miwili pamoja, nguo imefunika hadi vifundo. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila siku ya maisha yangu. Na mtu aliyekaa upande, egemeo la nyuma humgusa bega tu. Mgongo wake unabaki hewani.

"Siku moja tu, hooyo," nilisema, sauti ikipanda. "Nani atakuona huko porini?"

"Mimi nitajiona."

Nilipiga teke gurudumu. Nikamwambia ukaidi wake ndio utakaomkosesha dada yake, wala si mimi. Mjomba aliacha kucheka.

"Unajua unasema na nani?"

Utotoni mama alikuwa akifunga mizigo ya ngamia, na sasa aliizunguka pikipiki polepole, mkono juu ya kiti, kama anayekagua mnyama. Akapiga kofi ubavu wa kulia wa kiti.

"Litoe huko nyuma, liweke hapa. Sanduku la kushoto liondoe, weka ubao wa miguu yangu. La kulia lijaze maji. Mzigo wa ngamia ukilemea upande mmoja, hafiki."

Hakupima chochote. Nilikimbilia kwa fundi. Kibanda kilikuwa kimefungwa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa mlangoni kabla ya fundi. Alikata chuma, akakichomelea upya ubavuni.

"Si nilikuuliza?" alisema bila kuinua kichwa.

Nilitamani kumtukana, ila sikuwa na tusi lililomfaa.

Tuliondoka jua limepita utosini. Mama alikaa upande, mgongo ukiwa umetulia kwenye egemeo, hakulalamika hata mara moja. "Vizuri sana," alisema tulipoacha lami, na neno hilo lilinichoma kuliko teke.

Tulifika alasiri. Palikuwa na miduara mitupu pale nyumba ziliposimama, samadi, na majivu. Nyayo za ngamia zilielekea kaskazini, kwenye udongo mweusi uliolowa. Nilizifuata na pikipiki. Hatua hamsini hazikufika, gurudumu la nyuma likazama.

"Basi," mama alisema.

Kwenye tawi la mgunga kilining'inia chombo cha maziwa, kimefungwa kwa kipande cha nguo ya dada yake. Alikifungua, akanusa, akaonja. Maziwa yalikuwa ya asubuhi ile, hayajaanza hata kuchacha.

"Alikamua, akaningoja," alisema. "Wenzake ndio hawakuweza kungoja."

Alikunywa, kisha akaninyooshea chombo. "Kunywa, hooyo," alisema, akiniita hivyo hivyo ninavyomwita, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao.

Sikunywa. Nilipiga magoti nyuma ya pikipiki nikaanza kufukua gurudumu kwa mikono. Mashimo yangu manne yalikuwa mbele ya macho yangu, yamepangika sawasawa, kila moja limejaa tope.