Advera na Dishi la Habimana

Advera wa Gongoni ni fundi madishi, na mtu akimwomba achezee king'amuzi ili chaneli za kulipia zionekane bure, humtimua dukani. Habimana, mwenye banda la mpira Ulyankulu, alitimuliwa, akaenda kwa fundi mwingine aliyekubali.

Jumamosi, penalti ikitaka kupigwa, skrini ikawa nyeusi. Habimana akapanda juu ya bati, akalizungusha dishi mpaka giza likaingia. Jumatatu akarudi kwa Advera, amenywea, akamsimulia yote.

“Dishi ulilizungusha kwa nini?” Advera akamfokea. “Wenye chaneli wamebadilisha funguo zao za siri, basi!”

“Mpira nimeuacha, dada. Nirudishie chaneli ya bure ya Misa. Mama mkwe aliikosa jana. Namwamkia shikamoo, haitikii.”

Advera akachukua spana, akicheka. “Dishi nitalirudisha. Mama mkwe, hata mimi sina funguo zake.”