Mgeni Aliyeomba Sidii ya Baba

Sina sababu ya kukudanganya. Saluni yetu iko Yeoville, hapa Johannesburg, nusu ya mtaa wanaijua, na jambo hili lilitokea saa tisa mchana, jua likiwaka nje. Kama ningetaka kutunga, si ningesema ilikuwa usiku?

Baba yetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta sidii mtaani kwetu Lubumbashi, miaka ya themanini. Majirani walikuja kuitazama tu ile sahani inayong'aa. Baba aliifuta kwa pindo la shati, akaiweka, rumba ikatoka safi bila mkwaruzo, watu wakacheza uani mpaka viatu vikajaa vumbi. Yeye na mama walipofariki niliacha shule, nikalea wadogo zangu wanne. Neema, wa mwisho, hakuwa hata na meno. Vyote tuliuza. Sidii ile moja nilikuja nayo Johannesburg, nimeifunga ndani ya kitenge.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Tulikuwa wawili tu, mimi na Neema, vipande vya nywele za wateja wa asubuhi bado vimetapakaa sakafuni. Akaingia mzee mmoja, suti ya mabega mapana, viatu vyeupe.

"Mama, nilimjua baba yenu," akaniambia. "Alikuwa anacheka kabla hajamaliza hadithi."

Ni kweli. Nani angemwambia hilo? Nikampa kiti. Yatima akisikia maneno hayo akili humruka, niamini.

"Papa, tueleze," Neema akasema. "Yaya, dada yangu huyu, ananipimia habari za baba kama sukari."

"Wekeni kwanza muziki wake."

"Umeme hakuna, Papa," nikamwambia.

"Weka tu."

Nikaitoa sidii kwenye kitenge, nikaiweka kwenye redio ya saluni, kwa heshima tu. Redio ikaimba. Waya wake ulikuwa umelala mezani, haujachomekwa popote.

Kabla sijageuka, mzee alishamshika Neema mkono, wanacheza, anamnong'oneza sikioni. Nikatazama chini. Ndara za Neema zilichora duara kwenye zile nywele. Viatu vyeupe vilipita palepale, na hakuna unywele uliosogea.

Nikamwita Neema. Hakugeuka. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu, na bado anatabasamu. Nikabonyeza kuzima, muziki ukaendelea. Wewe ungefanya nini? Nilifungua kifuniko, nikaikamata sidii ikizunguka, ikanikata vidole, nikaivunja kwenye ukingo wa meza.

Kimya. Neema alikuwa sakafuni, peke yake. Mama anayeuza nyanya mlangoni aliapa kwamba hakuona mtu akiingia wala kutoka.

Wiki mbili Neema hakuweza kusimama. Nyayo zilimchubuka kama za mtu aliyetembea siku nzima bila viatu. Na neno lake la kwanza halikuwa shukrani.

"Yaya, kwa nini? Tulikuwa tumekaribia. Nilishaanza kumsikia baba."

Mpaka leo tunasuka kiti kwa kiti, na ananiongelesha habari za kazi tu. Amesema mzee yule akirudi, atamfuata. Kwa hiyo kiti cha karibu na mlango nakaa mimi.

Wewe uliyebaki na wadogo zako, nisikilize. Mgeni akija na habari tamu za marehemu wako, mzuie hapohapo mlangoni, muulize anaishi wapi na ndugu zake ni nani. Na wadogo zako wasimulie mwenyewe kila unachokumbuka, hata kama kinakuuma. Mimi nilinyamaza miaka thelathini, nikidhani namkinga Neema.