Kitanda cha Mama Mkwe

Juzi binti yangu alinipigia simu kutoka Mombasa. "Baba, nawakatia tiketi za kutoka Emali. Daraja la kwanza ama ekonomi?"

"Kuna vitanda?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Vitanda vya nini, baba, na mnapanda asubuhi, mchana mko hapa? Kabla sijajibu, mama yake akapiga kelele kutoka jikoni: "Mwambie akate viti vizuri! Na wewe usinifanye vile ulimfanya mama yangu!"

Nilikata simu, nikatoka nje, nikazunguka boma mara tatu. Mwanamke huyu amenisema kwa maneno hayo tangu binti yetu azaliwe, na binti mwenyewe sasa ameajiriwa. Nimenyamaza miaka yote hiyo. Lakini mama mkwe tulishamzika, na mimi nimechoka. Wacha niandike.

Wakati huo bibi yangu alikuwa mwalimu Mombasa, mimi niko Kasikeu na shamba langu. Akajifungua kwa upasuaji, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Akaniagiza nimchukue mama yake kwao Kabati, nimpeleke Mombasa. "Lakini asikae kwa kiti usiku mzima," akasema. Mama alikuwa na mguu mbaya; akikaa saa nyingi unavimba, hata kusimama hawezi. Na kama yeye mwenyewe anabebwa, nani angemwosha mtoto, nani angempikia mzazi uji? "Mama alale." Hilo tu ndilo aliloniomba.

Nikaenda stesheni ya Sultan Hamud. Siku hizo treni ilikuwa ile ya zamani, ya usiku kucha. Daraja la tatu ni viti, unakaa wima mpaka kuche. Daraja la pili lina vitanda, lakini vyumba vya wanawake vilikuwa vimejaa. Karani akaniuliza, "Nyinyi ni familia moja?" Nikasema ndiyo, kifua mbele. "Basi kuna daraja la kwanza, vitanda viwili." Nikachukua upesi, nikijiona mkwe wa maana. Sikuuliza vitanda hivyo viko wapi. Mjinga mimi!

Treni ilipofika, mhudumu akatufungulia mlango, akawasha taa. Chumba kimoja. Kitanda juu, kitanda chini, na blanketi la buluu limekunjwa juu ya kila kimoja.

Mkamba haambiwi zaidi ya hapo. Kwa wengine, nieleze: kwetu kuna nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama ya bibi yake. Hamketi karibu, hamtazamani usoni, mkikutana njiani unampisha. Sasa yeye akuone umelala? Ama wewe umwone? Haki ya nani, afadhali ulale nje na fisi. Na mimi nilikuwa nimemkatia kitanda chini ya changu!

Mama aligeukia dirisha. Akamwambia mhudumu, "Mwambie huyu mimi nitakaa huko kwa viti."

"Mwambie mama alale," nikamwambia mhudumu, "mimi ndiye nitaenda kwa viti."

"Mwambie siwezi kulala kwa chumba chake na yeye amefukuzwa."

Tulikuwa tumesimama hatua mbili tu kati yetu. Mhudumu akatutazama kama watu wamerogwa, akaenda zake. Treni ikaondoka na mama bado amesimama, ameegemea ule mguu mzima. Nilihisi kulia. Kisha nikawaza: akilala hapo mwanamke mwingine, chumba si changu tena.

Nikakimbia mpaka daraja la tatu. Karibu na mlango alikuwa mama mmoja wa Garissa, mfanyabiashara wa mbuzi, anasinzia na shingo imepinda. Nikamwinamia. "Mama, nina kitanda huko mbele. Njoo ulale."

Jameni! Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

"Kitanda? Mimi? Shetani wewe!" Akasimama na kiatu mkononi. Behewa zima likaamka.

"Ni mama ya bibi yangu yuko huko!" nikapaza sauti. "Wametuweka chumba kimoja!"

Nusu ya behewa walikuwa Wakamba. Ikasikika "Aiii!" moja ndefu, halafu kicheko. "Enda tu, mama," wakamsihi, "huyu ako na shida ya kweli." Akaenda, lakini kiatu hakukivaa.

Baadaye mhudumu akapita akaniambia mama amelala. Nikashusha pumzi. Nikakaa kwenye kiti cha yule mama wa Garissa, dirisha halifungi, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Hivyo hivyo usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na joto. Blanketi la buluu lilikuwa mabegani mwangu. Nikafungua jicho moja, nikaona leso ya mama ikienda, anashika kiti baada ya kiti, anaburuta mguu, treni inayumba. Alikuwa amevuka mabehewa yote hayo. Alikuwa ameniona nimelala, mdomo wazi, na bado akanifunika. Nikafumba jicho haraka, kama inavyompasa mkwe, lakini usingizi ulikuwa umeisha.

Mombasa mguu ulikuwa umevimba kama kibuyu. Tulimtoa stesheni kwa mkokoteni wa mizigo. Hospitalini bibi yangu akautazama ule mguu, akanitazama mimi. "Si nilikuambia mama alale?"

Kueleza mguu ni kueleza blanketi, na kueleza blanketi ni kumwaibisha mama mbele ya mtoto wake. Yeye alikuwa amekalishwa kando, amempakata mjukuu, amegeukia ukuta.

"Vitanda vilikuwa vimeisha," nikasema. "Tulikaa kwa viti."

Bibi yangu akaanza kunisema hapo hapo, na hajamaliza mpaka leo. Mama hakumkatiza. Alimwinamia tu yule mtoto, huyu huyu wa kuniuliza juzi daraja gani, akamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Wewe, baba yako ni mtu."